Muoni zilihesabiwa vizuri, kigawanyo kikakosewa

Jumamosi ya tatu tangu tuanze kazi, jibu lilikuwa ubaoni, limezungushiwa duara mara mbili kwa chaki nyekundu. Lilikuwa dogo kupita kiasi: halikufika hata sehemu ya kumi ya thamani inayojulikana. Wanafunzi wangu sita wa kidato cha sita, wote wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), katika shule moja hapa Mwanza, walikuwa wanapima kiwango ambacho chembe iitwayo bosoni Z huzaliwa protoni zinapogongana ndani ya LHC, mtambo wa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, wenye mzingo wa kilomita 27 uliochimbiwa chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Programu yao ilikwenda bila kukwama. Grafu ilipendeza. Jibu ndilo lililokataa.

Nitakieleza kisa hiki chote, tangu kosa hadi tulipofika leo, kwa kuwa kosa halikuwa kwenye fizikia ya bosoni wala kwenye programu. Lilikuwa kwenye luminositi, yaani ile namba unayogawanyia. Na baada ya haya yote naamini kwamba mtu asiyejua namba hiyo imetoka wapi hajapima kitu, hata kama amehesabu chembe milioni mia.

Faili na kilele

CMS, mojawapo ya vigunduzi vikubwa vya LHC, hutoa sehemu ya data zake bure kwa yeyote anayezitaka. Faili tulilochagua lina matukio milioni 61.5 ya mwaka 2012, wakati miale miwili ya protoni ilipokuwa inagongana kwa jumla ya nishati ya TeV 8 (TeV ni kipimo cha nishati, sawa na GeV 1,000; GeV hutumika pia kupimia masi ya chembe). Limepunguzwa sana ili liweze kutumika na watu kama sisi: kila tukio limebakiza idadi ya muoni, na kwa kila muoni momenta yake, pembe mbili, masi na chaji. Basi. Ukubwa wake ni jigabaiti mbili na kidogo. Nililipakua nyumbani Nyegezi kwa bando la usiku, nikalipeleka shuleni kwenye flashi.

Muoni ni ndugu mzito wa elektroni. Bosoni Z ikizaliwa haidumu, huvunjika papo hapo, na mara chache huvunjika kuwa muoni mbili zenye chaji kinyume. Ukizipata hizo mbili unaweza kukokotoa masi ya mzazi wao. Wanafunzi walifanya hivyo, wakachora grafu, na siku ya kwanza tu kilele kikasimama penye GeV 91, mahali pake hasa. Kijana mmoja aliinuka akaenda kuigusa skrini kwa kidole. Sikumkataza. Mimi nilikuwa nakijua kilele hicho kwa picha za vitabuni tu, na sasa kilikuwa kimechorwa na watoto wa Igoma na Kirumba kwa programu waliyoiandika wenyewe.

Kompyuta ya maabara ina kumbukumbu ndogo. Ili isigande, tuliiambia isome matukio milioni 10 ya mwanzo peke yake. Ni mstari mmoja wa programu. Tuliuandika siku ile ya kwanza, tukausahau.

Hatua iliyofuata ilikuwa kugeuza hesabu kuwa kipimo. Wanafizikia huupima uwezekano wa tukio kutokea kana kwamba ni eneo la shabaha. Eneo kubwa, tukio la mara kwa mara. Eneo dogo, tukio adimu. Kipimo cha eneo hilo ni bani, ambayo ni sentimita ya mraba iliyozidishwa kwa 10⁻²⁴, na femtobani ni sehemu ya 10⁻¹⁵ ya hiyo. Luminositi ni upande wa pili wa hesabu: inasema mtambo umetupa nafasi ngapi za kugongana. Zidisha luminositi kwa eneo, unapata idadi ya matukio. Gawanya idadi kwa luminositi, unapata eneo.

Luminositi ya faili letu ni femtobani kinyume 11.6. Maana yake, tukio lenye eneo la femtobani moja lingetarajiwa kutokea mara 11 au 12 hivi katika kipindi chote kilichomo. Matokeo ambayo CMS walichapisha mwaka 2014 kwa nishati hiyohiyo yanaipa bosoni Z inayovunjika kuwa jozi ya leptoni za aina moja (muoni ni aina mojawapo ya leptoni) eneo la nanobani 1.15, yaani femtobani 1,150,000. Kwa hiyo ndani ya kipindi hicho zilizaliwa bosoni Z zaidi ya milioni 13 zilizoishia kuwa muoni mbili. Kigunduzi hakizioni zote. Lakini huo ndio ukubwa wa kitu tulichokuwa tunakitafuta, na wanafunzi walipogawanya hesabu yao kwa 11.6 walipata kitu kingine kabisa.

Wiki mbili za kutafuta pasipo kosa

Walitafuta kwa bidii. Mmoja alibadilisha fomula ya masi akatumia nyingine, jibu likawa lilelile. Mwingine alirudia kukagua chaji. Wakapanua dirisha la masi, likawa GeV 60 hadi 120, kama wafanyavyo wenyewe wa CMS; ikasaidia kidogo mno. Kuna aliyesema faili limeharibika kwenye flashi nilipakue upya. Mimi mwenyewe nilikesha Jumapili moja nikikagua vipimo, nikidhani tumechanganya pikobani na femtobani, ambalo ni kosa linalowapata hata watu wazima kwenye kazi hii.

Sasa nikitazama nyuma naona sote tulikuwa tunachimba upande wa juu wa sehemu. Hakuna aliyeangalia chini ya mstari. Na sababu yake ni kile kilele kizuri. Kilisimama penye 91, tukaamini kila kitu kiko sawa. Lakini mahali pa kilele panatokana na muoni zenyewe, hata ungekuwa na matukio elfu kumi tu kingesimama palepale. Urefu wake ndio unaotegemea luminositi, na urefu hauna alama ya kukuonya kwamba umepotoka.

Aliyeliona ni binti mmoja mkimya wa mstari wa nyuma. Aliinua mkono: "Samahani mwalimu, naomba kuuliza. Hiyo 11.6 ni ya faili zima, au ya zile milioni 10 tulizosoma?"

Nilinyamaza kwanza. Kisha nikamwomba aje mbele awaeleze wenzake, kwa maana yeye alikuwa ameshaelewa na mimi ndiyo nilikuwa naanza. Mama yake hununua dagaa mwaloni Kirumba, kwa hiyo alieleza kwa lugha ya nyumbani kwao. Wenye mitumbwi wakikaa kufanya hesabu, alisema, hawagawanyi mavuno kwa siku 30 za mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti dagaa na watu hawatoki. Wanagawanya kwa siku walizotoka. "Sisi tumevua siku tano, tumegawanya kwa mwezi mzima."

Kosa lile ni langu, nalisema wazi. Mimi ndiye niliyeandika 11.6 ubaoni bila kusema ni ya nini, ya lini na ya sehemu gani ya data. Niliwapa kama mtu anavyotoa thamani ya pai, kitu kisichobadilika popote uendapo. Luminositi haiko hivyo. Ni ya kipindi fulani, ya kigunduzi fulani, ya matukio yale na si mengine.

Mfano wa binti yule unashika zaidi ya alivyokusudia. Mwaka 2012 LHC iliipatia CMS femtobani kinyume 23.3 hivi. CMS ikafanikiwa kurekodi 21.8, maana kuna dakika ambazo kigunduzi hakikuwa tayari au mfumo wake wa kusoma ulikuwa bado unashughulikia tukio lililotangulia. Baada ya ukaguzi wa ubora, iliyokubaliwa kutumika kwa uchambuzi ikabaki 19.7. Namba tatu za mwaka mmoja, mtambo mmoja, kigunduzi kimoja, na zote zinaitwa luminositi. Anayetumia ya kwanza kwa data za tatu atakosea kwa zaidi ya asilimia 15, na kilele chake kitasimama penye 91 kama kawaida.

Marekebisho rahisi, na kwa nini hayakumridhisha binti yule

Milioni 10 juu ya milioni 61.5, mara 11.6, ni takriban 1.9. Tuliweka 1.9, jibu likapanda mara sita na ushee, pengo kubwa likazibika. Lililobaki tulilitegemea: muoni nyingine huenda karibu mno na bomba la mwale na kigunduzi hakizifikii, na nyingine zina momenta ndogo kiasi kwamba mfumo wa kuchagua matukio huziacha zipite. Hilo ni somo jingine.

Wenzake walitaka kufunga daftari. Yeye akauliza tena: nani amesema matukio milioni 10 ya mwanzo yana luminositi sawa kwa sawa na idadi yake? Kama mwanzoni mwa faili miale ilikuwa hafifu, au masharti ya kuchagua yalikuwa tofauti na ya mwishoni, uwiano huo ni wa kubahatisha.

Yuko sahihi. Katika data kamili za CMS kila tukio hubeba namba ya kipindi na namba ya kipande cha luminositi, na kipande kimoja ni kama sekunde 23. Luminositi huandikwa kipande kwa kipande, hivyo aliyesoma sehemu tu ya data anaweza kujumlisha vipande vyake peke yake, visizidi visipungue. Faili letu, katika kupunguzwa, lilipoteza namba hizo. Tulibaki na njia moja ya haki: kusoma faili zima, ili 11.6 iwe yetu kweli.

Tukaisomesha kompyuta matukio milioni tano kwa mara moja, inahifadhi grafu ya kila awamu kisha inafuta kumbukumbu na kuendelea. Umeme ulikatika saa saba usiku, lakini awamu zilizokwisha zilikuwa zimehifadhiwa, asubuhi tukaendelea pale ilipoishia.

11.6 yenyewe imetoka wapi

Swali hili lilikuja lenyewe, na hapa ndipo nilipoona kundi limekua. Hawakutaka tena kuambiwa.

Jina linapotosha kidogo, hasa kwetu tuliozoea kuona taa za wavuvi zimetapakaa ziwani usiku kama mji mwingine. Luminositi ya mtambo si mwangaza. Ni kiasi cha msongamano wa chembe pale miale miwili inapopishana. Ndani ya LHC protoni huenda kwa mafungu, na kila fungu huzunguka mara 11,245 kwa sekunde. Mwaka 2012 kila mwale ulikuwa na mafungu karibu 1,380, kila fungu protoni kama bilioni 160. Yakipishana, hubanwa hadi upana wa maikromita 20 hivi, wembamba kuliko unywele. Ukijua mizunguko, idadi ya mafungu, idadi ya protoni na upana wa miale, luminositi inakokotoleka.

Mizunguko na mafungu si tatizo. Protoni huhesabiwa kwa kupima mkondo wa umeme ambao mwale wenyewe unaubeba. Kigumu ni upana. Utapimaje upana wa kitu chembamba kuliko unywele, kiko ndani ya bomba lisilo na hewa, na ukikichomekea chochote umekiharibu?

Jawabu lilitoka kwa Simon van der Meer, Mholanzi aliyekuwa mhandisi pale CERN, mwaka 1968, wakati wanajiandaa na mtambo wa ISR. Sogeza mwale mmoja pembeni ya mwingine, hatua kwa hatua, huku ukihesabu migongano. Miale ikikutana katikati, migongano ni mingi. Ikiachana, inapungua hadi inaisha. Chora hesabu dhidi ya umbali. Chukua eneo lililo chini ya mchoro, ligawanye kwa urefu wa kilele: umepata upana. Huhitaji kujua umbo la mwale likoje. Kwenye ISR miale ilikuwa kama utepe na ilikatizana kwa pembe, hivyo kusogeza wima tu kulitosha; kwenye LHC unasogeza kwa mlalo kisha kwa wima. Mwaka 1984 van der Meer alipata Nobeli pamoja na Carlo Rubbia kwa kazi nyingine, iliyowezesha kugunduliwa kwa bosoni W na hiihii Z. Nafikiri njia yake ya kupima luminositi ingestahili kutajwa kwa heshima ileile, kwa urahisi wake.

Tuliifanya mezani. Tulikata vipande viwili vya nailoni ngumu ya kufunikia madaftari, tukavitia nukta kwa kalamu ya maka, nyingi katikati na chache kandokando. Kipande kimoja kikabandikwa mezani, kingine kikawa kinasogezwa nusu sentimita kila mara, na watu wawili wanahesabu nukta zinazogusana. Mwanzoni sifuri. Kisha mbili, tano, zinaongezeka, vidole vinapishana juu ya nailoni na mabishano yanaanza kama nukta fulani inagusa au haigusi. Kisha zinashuka upande wa pili. Mchoro ukatoka mfano wa kengele, ukiwa na mikwaruzo. Eneo kwa urefu, tukapata upana, mlalo kisha wima.

Halafu tukalinganisha na upana tulioutia wenyewe wakati wa kuchora nukta. Wetu uliopimwa ulikuwa mkubwa mno pande zote mbili. Ilichukua muda mpaka mmoja akaweka rula juu ya ule ukanda wa karatasi ya grafu tuliokuwa tunasomea umbali. Ukanda ulikuwa fotokopi. Sentimita zake kumi zilikuwa sentimita 9.6 za rula. Mashine ya fotokopi ilipunguza ukurasa ili uenee. Asilimia nne kwa mlalo, asilimia nne kwa wima, na luminositi yetu ingetoka pungufu kwa karibu asilimia nane.

Sikupanga hilo litokee, lakini nisingeweza kupata somo zuri zaidi, kwa sababu tatizo hilo liko hata LHC. Umbali ambao mwale umesogezwa hukokotolewa kutokana na mkondo uliopelekwa kwenye sumaku, na nani amehakikisha kwamba maikromita ya sumaku ni maikromita kweli? Wanachofanya ni kusogeza miale yote miwili pamoja na kuangalia, kwa vigunduzi vya ndani, mahali migongano inapotokea pamehama kwa kiasi gani. Wanaweka rula juu ya fotokopi. Ukanda wa karatasi ulioanza mbele au nyuma hauna madhara, kwa kuwa tunapima tofauti. Sentimita iliyosinyaa ndiyo inayoharibu.

Na upo mlolongo wa mambo mengine: miale kusogea yenyewe kidogo katikati ya kipimo, mafungu kusukumana kwa chaji zake, umbo la mwale kutokubali kutenganishwa kuwa mlalo na wima. Kisha kipimo hicho hufanywa siku maalumu, miale ikiwa hafifu. Mwaka 2012 vilifanyika Aprili, Julai na Novemba. Siku za kawaida za mwaka huo, kila mafungu mawili yalipopishana ilitokea migongano kama 21 kwa wastani, na CMS ikafuatilia luminositi kwa kuhesabu alama zilizoachwa kwenye pikseli za kigunduzi cha ndani. Mwisho wa yote shaka ya kipimo cha luminositi ikawa asilimia 2.6. Rudi kwenye ile nanobani 1.15: luminositi peke yake inaitia shaka ya 0.03, kubwa kuliko shaka nyingine yoyote iliyo kwenye kipimo hicho. Tangu hapo wamesonga mbele; ATLAS, kigunduzi kingine cha LHC, kwa data zake za TeV 13, femtobani kinyume 140, wameshuka chini ya asilimia moja, 0.83.

Kijana mmoja aliuliza kama kuhangaika na sehemu ya kumi ya asilimia kuna maana yoyote. Nilimsimulia habari ya LEP, mtambo uliotangulia LHC kwenye handaki lilelile na uliogonganisha elektroni na positroni, yaani elektroni zenye chaji chanya. Kati ya 1989 na 1995 ulitoa mamilioni ya bosoni Z, na kutokana nazo ikapimwa idadi ya aina za nyutrino nyepesi, chembe zisizo na chaji. Jibu lilikuwa 2.984, na shaka ya 0.008. Aina za nyutrino ni tatu. Pungufu lile lilikuwa dogo, ila lilikuwa kubwa kiasi cha kuwakera watu kwa miaka mingi, wengine wakiliwekea maelezo ya fizikia mpya. Luminositi ya LEP ilipimwa kwa kuhesabu elektroni na positroni zinazopindishana na kutoka kwa pembe ndogo, mchakato wenye jina la Homi Bhabha wa India. Watafiti waliporudi kwenye suala hilo waliona kwamba fungu la upande mwingine, lenye chaji kinyume, huzivuta kidogo chembe hizo zikielekea kwenye kigunduzi, baadhi zinakikosa, na luminositi ikaandikwa pungufu kwa takriban asilimia 0.1. Wakasahihisha, idadi ikawa 2.992. Hesabu ya kinadharia ya mchakato wa Bhabha ikafanywa upya, mwaka 2020 ikawa 2.996, na shaka ya 0.007. Kilichokosekana kilikuwa chini ya mstari.

Sasa hivi faili zima limesomwa na grafu kumi na tatu za awamu zimebandikwa ukutani maabara. Binti wa Kirumba anahesabu bosoni Z za kila awamu ya milioni tano aone kama zinalingana, ili ajue kama ule uwiano wa 1.9 ulikuwa halali au tulibahatisha. Wenzake wawili wameanza kushughulikia pembe ambazo kigunduzi hakioni. Ubaoni, pembeni mwa 11.6, wameandika: CMS, 2012, matukio yote 61,540,413. Nimewaomba wanaofagia wasifute.